Kiingilio Ujiji, Ukiwa Buha

Sensa ya 2022 iliuhesabia Mkoa wa Kigoma watu karibu milioni 2.5. Jengo la makumbusho linalojulikana nje ya mkoa huo ni moja, nalo liko Ujiji, chini ya miembe, mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Ndani zimesimama sanamu za Wazungu wawili wakivuliana kofia. Nje upo mnara wenye ramani ya Afrika. Kiingilio chake ni cha ngazi, kama ilivyo desturi ya makumbusho na vituo vya mambo ya kale nchini: mgeni hulipa zaidi, raia hulipa kidogo, mwanafunzi kidogo zaidi.

Kuna hoja ya siku nyingi kwamba raia hapaswi kulipia kuona urithi wake mwenyewe. Kuna nyingine, ya siku nyingi vilevile, kwamba paa haliezekwi kwa shukrani. Zote mbili zina ukweli, ila zimetungwa na watu wanaokaa karibu na makumbusho. Ukizisikiliza ukiwa Kumsenga, huku juu kwenye miinuko ya Kibondo na Kasulu, unabaini kwamba zote zinachukulia jambo moja kuwa limekwisha kutimia: kwamba nyumba ipo, vitu vyako vimo ndani, na kilichobaki ni kuelewana bei ya mlangoni. Huku juu jambo hilo halijatimia. Vitu vinapotea, nyumba haijajengwa, na ile moja iliyoko chini kwenye Ziwa Tanganyika inasimulia habari za watu wengine. Ndiyo maana naona mjadala wa kiingilio, kwa jinsi tunavyouendesha, umekuwa njia ya kukwepa kuzungumza juu ya upotevu wenyewe.

Tuanze na kilichokuwepo. Buha, nchi ya Waha, haikuwa ufalme mmoja. Zilikuwepo Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo, Luguru na Nkalinzi, kila moja na mtawala wake aliyeitwa mwami (wengi, abami), ngoma zake za utawala na wateko walioshika ibada za ardhi. Nyumbani kwa mtu wa kawaida kulikuwa na mkuki, vikapu vya kusukwa, vyungu, na kibuyu cha kusukasukia maziwa mpaka siagi itoke. Kusini, Uvinza, watu walichemsha maji ya chemchemi wakapata chumvi iliyouzwa mbali. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimbua pale, na vigae walivyovipata vilionyesha kwamba kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, na Livingstone alipofika mara ya kwanza 1869, walikuta bandari yenye soko, lugha na mahusiano ya kibiashara yaliyotangulia vitabu vyao kwa muda mrefu. Hayo yote ni mali ya makumbusho, na yangejaza vyumba vingi kuliko lile tukio la kuvua kofia.

Vilipotelea wapi? Hakuna mkosaji mmoja. Wamisionari waliviona vitu vya ibada kuwa vya kishenzi, na waumini wapya wakavichoma au wakavificha. Vijana walishuka kwenda mashamba ya mkonge kwa manamba, miaka nenda miaka rudi, na aliyepaswa kurithi ufundi wa chuma au wa ususi kwa babu akawa Tanga anakata majani. Lakini pigo ambalo halizungumzwi sana lilikuja mwaka 1963, utawala wa jadi ulipofutwa kwa sheria.

Sisemi ulifutwa kimakosa. Buha ya abami ilikuwa na ubugabire, mtu mdogo akipewa ng'ombe na mkubwa kisha akiutumikia mkono uliompa karibu maisha yake yote, na sioni sababu ya kuulilia utaratibu huo. Pamoja na hayo, ikulu ya mwami ilikuwa inafanya kazi moja ambayo haikuwa na jina la kisasa: ilitunza. Ngoma zilikuwa na mtu wa kuzilinda, mikuki ya utawala ilikuwa na mahali pake, na historia ilikuwa na wasimulizi waliolishwa kwa kazi hiyo. Theresa Ntare alikalia kiti cha Heru tangu 1946, mwanamke katikati ya watawala wanaume, na habari zake peke yake zingetosha kufungua nyumba ya kumbukumbu Heru Juu. Kiti kilipoondolewa, wajibu wa kutunza uliondoka nacho, na serikali iliyochukua madaraka haikuuchukua wajibu huo. Ngoma ikawa mali ya familia, baadaye ya mjukuu mmoja, na mwishowe kitu cha stoo kinachozuia njia.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu vijijini. Kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja na migomba yake na makaburi yake, zilisogezwa kando ya barabara. Mtu anayehama kwa amri hubeba godoro, jembe, sufuria na watoto. Kibuyu cha bibi kilichopasuka kidogo hakipandi kwenye lori. Wazee wa huku wanapoeleza habari za nyakati hizo husema zaidi juu ya mazao na nyumba walizoacha, na ni haki yao. Ila kwa mtu anayetafuta vitu vya zamani, operesheni ile ndiyo mstari unaotenganisha vilivyokuwepo na vinavyosikika tu.

Mchwa na wanunuzi wa kupita walimaliza kazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inakataza kuuza na kusafirisha vitu vya kale bila kibali. Ni sheria nzuri kwa mpakani na uwanja wa ndege. Haiwezi kumkataza mchwa, wala haimpi mzee wa Muhambwe mahali pa kupeleka mkuki anaouona unaoza mpini.

Serikali ilikuwa na majibu, ila hayakuelekea huku. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, yakawa ya taifa baada ya uhuru. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa jijini humo miaka ya 1960. Likafuata la Azimio la Arusha mwaka 1977, la elimu ya viumbe kwenye boma la Wajerumani palepale Arusha mwaka 1987, la Mwalimu Nyerere Butiama mwaka 1999, na Songea likapata la Majimaji. Ukizitia alama kwenye ramani nyumba zilizobeba jina la Makumbusho ya Taifa kwa miongo hiyo, unapata Dar es Salaam, Arusha, Mara na Ruvuma. Magharibi yote, kuanzia Kagera kushuka Kigoma, Tabora, Katavi hadi Rukwa, ni karatasi nyeupe. Vituo vya Livingstone vya Ujiji na Kwihara, Tabora, vilikuwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale, na jina lenyewe la vituo hivyo linaonyesha nani alikusudiwa kuvitembelea.

Hapa kuna suala la wizara. Urithi wa kale na makumbusho ya taifa viko Maliasili na Utalii, pamoja na tembo. Ni mpangilio unaoeleweka kwa upande wa mapato, kwa kuwa mtalii anayekuja Serengeti anaweza kupitishwa Olduvai. Athari yake ni kwamba mtembeleaji wa makumbusho, awe ni nani, anasomeka kwenye taarifa kama mtalii, wa nje au wa ndani. Bibi wa Kasulu anayekwenda kutazama ngoma ya mwami wake anakuwa "mtalii wa ndani". Katika miaka ya karibuni baadhi ya maeneo ya kale yalikabidhiwa hata mashirika ya wanyamapori: Kilwa ikaenda Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), mapango ya Amboni na Kimondo cha Mbozi vikaenda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mashirika hayo yana magari, walinzi na utaalamu wa kukusanya fedha, na sehemu kadhaa zimefagiliwa na kuwekewa vibao kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Yanachokipima ni idadi ya waliolipa.

Sasa tuje kwenye kiingilio chenyewe, tukiwa Kumsenga. Chukua darasa la sita ambalo mwalimu wake wa historia anataka lione Ujiji. Kiingilio cha mwanafunzi ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema ndicho kinachomzuia. Kinachomzuia ni basi. Kuanzia wilaya ya Kibondo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita mia mbili, na hata sasa ambapo lami imefika sehemu kubwa ya njia, ni kutoka alfajiri na kurudi usiku. Basi lazima likodiwe, watoto wale njiani, kibali kitoke halmashauri. Zamani safari kama hiyo ililipiwa kwa michango ya wazazi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na sababu zake zilikuwa za kweli, kwani watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa michango. Lakini ruzuku ya elimu bila ada haikuwekewa kasma ya ziara za masomo. Mwalimu mwangalifu anaona heri asome sura ya Livingstone ubaoni, asije akaitwa kueleza kwa nini amekusanya fedha za watoto.

Kwa hiyo ukifuta kiingilio cha Ujiji kesho asubuhi, darasa la Kumsenga halitafika kesho kutwa. Watetezi wa kiingilio wana haki ya kulisema hili, na wanalisema. Wana hoja nyingine pia ambayo wapinzani wao hupenda kuiruka: vijana wasio na ajira wa Kasulu mjini na Kibondo mjini wanalipa kila wiki kuingia kibanda umiza kutazama mpira wa Uingereza. Hawana fedha, na wanalipa. Kama umaskini peke yake ndio ungekuwa unawazuia watu kwenda makumbusho, kibanda umiza kingekuwa kimefungwa zamani.

Naikubali hoja hiyo, kisha naipeleka mbele kuliko wanavyotaka. Kijana analipa kibanda kwa sababu anachokikuta ndani anakihesabu kuwa chake: timu yake, ubishi wake, watu wake wa kubishana nao. Na anarudi Jumamosi ijayo. Makumbusho yetu yamepangwa kwa ajili ya mtu anayekuja mara moja, anapiga picha na haonekani tena, yaani mtalii. Kiingilio kinafaa kabisa kwa ziara ya mara moja katika maisha. Kinaharibu ziara ya aina nyingine, ile ya mtu wa jirani anayeingia dakika ishirini akitoka sokoni, anayemleta mjomba wake akija kutoka Manyovu, anayerudi kuuliza kama kile kikapu kimeandikwa jina sahihi la kijiji. Mtu huyo akikutana na dirisha la tiketi, na siku hizi si dirisha tu bali control number inayotaka simu yenye salio, anapita zake. Hakosi shilingi elfu. Anakosa sababu ya kuitoa mara ya pili. Na yeye ndiye angeyaweka makumbusho hai, kwa kuwa ndiye mwenye vitu nyumbani na ndiye anayejua vilitumikaje.

Je, fedha za kiingilio zinatengeneza paa? Zanzibar inatoa jibu zito. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa makumbusho yaliyokaa uso kwa uso na bahari katikati ya Mji Mkongwe, palipojaa wageni kuliko mahali popote pa urithi nchini. Wageni walilipa. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka na nyumba ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, liliporomoka kwa kishindo na watu wakapoteza maisha. Kama kiingilio cha mahali penye watalii wengi namna ile hakikuweza kuokoa jumba lile, sijui ni hesabu gani inayoahidi kwamba kiingilio cha raia Ujiji kitajenga chochote.

Tena fedha iliyokusanywa haikubaki pale ilipokusanywa. Sheria ya Fedha ya 2020 ilichukua makusanyo ya Hifadhi za Taifa (TANAPA), Ngorongoro na TAWA ikayaelekeza Mfuko Mkuu wa Hazina. Nia ilikuwa nidhamu ya mapato, lakini mlinzi wa gofu anayekata tiketi akijua kwamba hata balbu atasubiri igawiwe kutoka juu alikuwa na sababu ndogo ya kumshawishi mgeni aje tena. Hoja ya "anayetumia achangie" inasimama tu pale mchango unapoonekana umefanya kitu mbele ya aliyeutoa.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kuyapima makumbusho kwa mapato, na Kampala waliiona. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa 1908, na jengo lake la Kamwokya ni la miaka ya 1950. Mwaka 2011 serikali ilitaka kulibomoa ili pajengwe jengo refu la biashara. Watetezi wa urithi walikwenda mahakamani, na mpango ukakwama. Waliotaka kubomoa hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wamepiga hesabu ya kiwanja dhidi ya hesabu ya tiketi, na kwa hesabu hiyo kiwanja kitashinda kila mara, Kampala, Dar es Salaam au Kigoma mjini. Ukikubali kwamba makumbusho yanastahili kuwepo kwa sababu yanaingiza fedha, umekwisha kukubali siku ya kubomolewa kwake.

Wanaotaka bure hupenda mfano wa Uingereza. Desemba 2001 makumbusho ya taifa huko yaliyokuwa bado yakitoza yaliacha kutoza, na katika miaka kumi watembeleaji wake wakawa zaidi ya mara mbili. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo walikuwa watu walewale waliosoma, wakaao mjini, waliokuwa wakienda tangu zamani na sasa wanakwenda mara nyingi zaidi. Na serikali iliyofuta kiingilio ililipa pengo kwa ruzuku. Anayenukuu nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuiacha nusu ya pili anatudanganya.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa kwetu. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mlango ukifunguliwa, watu wa nchi hii wanaingia, na aliyedhani wazazi wa vijijini hawapendi elimu alinyamazishwa. Lakini madarasa yalifurika watoto mia na zaidi, kitabu kimoja kikasomwa na wengi, na tulichokuja kuhangaika nacho baadaye kilikuwa watoto wanaomaliza bila kujua kusoma vizuri. Mlango wa bure bila fungu la ndani uliwaingiza watu katika nyumba isiyo na vifaa. Kwa makumbusho itakuwa hivyohivyo, pengine vibaya zaidi, kwa kuwa mtoto hulazimishwa kurudi shuleni lakini hakuna anayemlazimisha mtu kurudi makumbusho.

Ng'ambo ya mpaka wa Manyovu kuna jambo la kutazamwa kwa utulivu. Kiha na Kirundi ni lugha za kusikilizana, na mila za mwami na ngoma zake zina shina moja pande zote mbili. Burundi ina makumbusho ya taifa Gitega tangu 1955. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika. Nchi ile imepita vita na mauaji ambayo sisi tumeyaona kwa kupokea wakimbizi wake. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa Wakongo kisha ikawapokea na Warundi, ingali ipo. Mtoto wa Kasulu anayetaka kuona ngoma ya kifalme iliyotunzwa yuko karibu zaidi na Gitega kuliko Dar es Salaam. Tumekuwa na amani na hatukuitumia kwa jambo hili. Mashirika mengi yamekuja Kigoma kwa miaka thelathini kwa ajili ya maji, chakula na hema, na halmashauri zetu zimezoea kwamba jambo lisilo la dharura halina mfadhili, hivyo halina kasma.

Mwanza walifanya vingine. Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement wa Kanada na Wasukuma aliofanya nao kazi walijenga, katika miaka ya 1950 na 1960, makumbusho yanayotunza ngoma za watemi wa Usukuma. Sifa ya pale si usafi wa kabati. Kila mwaka, wakati wa sherehe ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza na umati unajaa. Nyumba inaishi kwa sababu ya uwanja ulio mbele yake. Mgeni akija analipa, na hakuna anayegombana naye, lakini makumbusho hayo yangekufa kama yangemtegemea yeye. Vivyo hivyo Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954: Wahehe wana mahali pa kupeleka mjukuu na kumwambia, huyu ndiye. Heru, Muhambwe na Buyungu hawana.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ina sehemu mbili ambazo hazitenganishiki. Raia asitozwe kiingilio katika makumbusho na vituo vya urithi vinavyomilikiwa na umma. Kinachopatikana kwake ni kidogo, na kinachopotea, yaani mazoea ya kuingia na kutoka, ndicho chanzo cha uhai wa nyumba yenyewe. Mgeni wa nje aendelee kulipa. Hata Louvre, yenye utajiri wote ule, imeamua kuwatoza zaidi watu wasio wa Ulaya, hivyo hatuna cha kuona haya. Lakini agizo la "bure" likitoka bila kasma ya matumizi mengineyo itakayoziba pengo, afadhali lisitoke, maana litampa mtunzaji sababu halali ya kufunga mlango saa nane mchana.

Na mikoa ya magharibi isingoje jengo la taifa. Majengo ya taifa huja na jiwe la msingi, hotuba, kisha miaka ya kusubiri fungu. Huku juu muda wenyewe umekwisha: waliokuwa na miaka kumi wakati utawala wa abami unafutwa wamevuka sabini sasa. Wanaojua kwa macho yao ikulu ya Heru ilivyopangwa, nani alipiga ngoma gani na kwa nini, wanazikwa kila msimu wa mvua, na watoto wao hawana pa kuandikisha walichosikia.

Chumba kimoja Kasulu na kingine Kibondo, katika shule au jengo la halmashauri lisilotumika, vingetosha kuanzia. Kila kimoja kiwe na mtunzaji anayelipwa mshahara, wala asiwe afisa utamaduni aliyebebeshwa kazi nyingine tano. Kiwe na daftari ambamo kila kitu kinaandikwa jina lake la Kiha, kijiji kilikotoka na mtu aliyekileta, pamoja na kinasa sauti. Mwenye kitu abaki mwenye kitu, aruhusiwe kukichukua siku ya shughuli yake na kukirudisha. Darasa la Kumsenga litafika hapo bila kukodi basi la kwenda ziwani. Fedha zinazohitajika zinalingana na zile ambazo halmashauri hutumia kwa posho za vikao, na chanzo chake, ushuru wa mazao yanayoshuka kutoka milima hiihii kila mwaka, kipo tayari.

Madiwani wa Kasulu na Kibondo hupitisha bajeti kila mwaka kabla ya kuanza kwa mwaka wa fedha mwezi Julai. Wananchi wa Kumsenga wana diwani wao. Wamuulize kasma ya chumba hicho imeandikwa kwenye ukurasa gani.